Shajara ya mradi: Klebsiella ilivyopita kitanda hadi kitanda

Februari, mwanzoni

Mkuu wa maabara ameukubali mradi, ila si kwa sura niliyoiomba. Nilitaka tuanze na wagonjwa wetu waliopandikizwa figo: kila Klebsiella, bakteria anayekaa tumboni na anayeweza kuleta maambukizi makali, inayooteshwa kutoka kwenye damu au mkojo wao ihifadhiwe kwenye friza, isomwe jenomu yake, yaani herufi zote za urithi wake, tujue nani kaipata kwa nani. Jibu lake lilikuwa fupi: "Kwanza rudia kazi ya watu ambayo jibu lake linajulikana. Ukifika walikofika wao, tutazungumza habari ya friza." Ni haki yake. Kusoma jenomu ni gharama, na kumwambia daktari kwamba maambukizi yametoka kitanda cha pili ni neno zito, halitolewi kwa kubahatisha.

Nimechagua mlipuko wa 2011 katika Clinical Center, hospitali ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH) huko Bethesda, Maryland. Mwezi Juni mwaka huo alipokelewa mgonjwa kutoka hospitali moja ya New York, mtu aliyewahi kupandikizwa mapafu, na ilijulikana mapema kwamba amebeba Klebsiella pneumoniae sugu kwa karbapenemu, kundi la dawa ambalo madaktari hulishika pale nyingine zinaposhindwa. Alitengwa. Waliomhudumia walivaa gauni na glavu. Katikati ya Julai akaruhusiwa kwenda nyumbani, na ikaonekana hatari imepita salama. Wiki tatu baadaye mgonjwa mwingine akakutwa na bakteria wa aina hiyohiyo, kisha wakaanza kuibuka wengine, takriban mmoja kila wiki. Hadi mlipuko unazimwa, wagonjwa 18 walikuwa wamewapata bakteria hao na 11 kati yao wakafariki. Vifo 6 vilihusishwa moja kwa moja na maambukizi, vilivyobaki na maradhi mazito yaliyowaleta hospitali.

Hizo wiki tatu ndizo zilizonivuta. Bakteria alikuwa wapi?

Kwa atakayesoma shajara hii bila kuwa mtu wa hospitali: aliyepandikizwa kiungo anameza takrolimasi, mikofenoleti na mara nyingi steroidi ili kinga ya mwili isikikatae kiungo kipya, na kinga inayotulizwa ni ileile ambayo ingepambana na bakteria. Juu ya hapo ana mpira wa mkojo, ana mrija shingoni, na amekwisha kupewa antibayotiki zilizofagia bakteria wa kawaida wa utumbo na kuacha nafasi wazi. Klebsiella sugu ikiingia tumboni mwake inastawi kimya, wiki au miezi, bila homa. Vipimo vya damu haviioni kwa sababu haimo kwenye damu. Siku ikipenya ndipo tunaipokea sisi maabara kwenye chupa, na kwa wakati huo huenda imekwisha kuhamia kwa watu wengine.

Februari, katikati

Data za jenomu za Bethesda zimepakuliwa kutoka NCBI, hifadhi ya Marekani ya taarifa za jenomu, ambako ziko wazi kwa yeyote. Nimetumia bando la usiku, maana mchana mtandao wa hapa una wenyewe. Hakuna zaidi la kuandika, isipokuwa ushauri kwa atakayefuata njia hii: hakiki ukamilifu wa kila faili kabla ya kulifungua, na usiguse nakala halisi.

Machi, wiki ya kwanza

Jenomu ya Klebsiella ina herufi zaidi ya milioni 5. Katika mlipuko mzima wa Bethesda, sehemu ambazo jenomu za wagonjwa zilitofautiana hazikuzidi sana 40. Kazi yote inaning'inia kwenye hizo sehemu chache.

Nyumbani nikiulizwa nafanya nini, naeleza kwa tenzi zilizokuwa zikinakiliwa kwa mkono kule Lamu na Pate. Mwandishi akiteleza kalamu kwenye ubeti mmoja, kila anayenakili kutoka kwake anarithi kosa lile na kuongeza lake. Ukizikusanya nakala zote miaka mia baadaye, makosa yanakwambia ipi ilitoka kwa ipi, hata kama hakuna nakala yenye tarehe. Bakteria naye akijigawa hunakili jenomu yake, na mara chache herufi inateleza. Wagonjwa wawili wenye mtelezo uleule nadra wana asili moja ya karibu.

Ila bakteria ana tabia ambayo mnakili wa utenzi hana: anaweza kuchukua kipande kirefu cha jenomu kutoka kwa bakteria mwingine na kukipachika kwake kwa mkupuo. Kipande kimoja cha namna hiyo kinaleta tofauti mamia kwa pamoja, na kompyuta isiyoambiwa itazihesabu kana kwamba ni miaka mingi ya mitelezo. Ukoo huu wenyewe, unaoitwa ST258, ulizaliwa hivyo: takriban asilimia 80 ya jenomu yake inafanana na ukoo wa ST11 na asilimia 20 imetoka kwa jamaa wa ST442. Kwa hiyo hatua ya kwanza baada ya programu ya Snippy kuorodhesha tofauti ni kupitisha kila kitu kwenye Gubbins, programu inayotafuta mahali tofauti zilipolundikana kupita kiasi na kupafunika. Kisha naondoa sehemu zinazojirudia na virusi vya bakteria vilivyojificha ndani ya jenomu. Kinachobaki ni kidogo, lakini kinaaminika.

Nimechagua kulinganisha jenomu zote na ile ya mgonjwa wa kwanza mwenyewe badala ya jenomu ya mbali ya vitabuni. Ukilinganisha na jamaa wa mbali unapoteza vipande ambavyo jamaa huyo hanavyo, na pengine ndivyo vyenye ile tofauti moja unayoitafuta.

Machi, mwishoni

Mti wa nasaba umetoka kwenye programu ya IQ-TREE na umbo lake linalingana na lile ambalo watafiti wa mlipuko ule, Evan Snitkin, Julie Segre na wenzao, walilichapisha 2012. Nimelala vizuri.

Sasa niandike kwa kirefu, maana hapa ndipo penye somo.

Kwa mgonjwa wa kwanza, watafiti hawakusoma koloni moja tu, yaani rundo moja la bakteria linaloota sahanini kutoka kwa bakteria mmoja. Walichukua bakteria kutoka sehemu mbalimbali za mwili wake, wakakuta hawafanani kabisa. Tofauti ni herufi chache tu, lakini zipo. Alikuwa amebeba ukoo mzima, wala si bakteria mmoja aliyejizidisha bila kubadilika. Ukiyaweka matawi hayo kwenye mti, wagonjwa waliofuata wanagawanyika: wengine wananing'inia kwenye tawi moja la mgonjwa wa kwanza, wengine kwenye tawi jingine. Maana yake ni kwamba bakteria walitoka kwake zaidi ya mara moja. Hesabu ya watafiti ilifika kwenye maambukizi matatu yasiyotegemeana, yote kutoka kwa mtu mmoja aliyekuwa ametengwa kwa utaratibu uliokubalika.

Fikiria sasa kama wangesoma koloni moja kama tunavyofanya sisi kila siku. Sahani ya kuoteshea ina makoloni mengi, fundi anachagua moja zuri lililojitenga, anaendelea na vipimo vyake. Kwa matibabu inatosha. Kwa kufuata nyayo haitoshi hata kidogo, kwa sababu tawi lililomwambukiza mgonjwa wa nne huenda liko kwenye koloni lililobaki sahanini likatupwa. Ungeona tofauti ya herufi tatu au nne kati ya wawili hawa, ukasema hawahusiani, ukaanza kumtafuta mwambukizaji asiyekuwepo. Nimeshaandika kwenye rasimu ya utaratibu wetu: makoloni kadhaa kwa kila sampuli, na sampuli kutoka zaidi ya sehemu moja ya mwili. Mkuu wa maabara ataguna kwa ajili ya gharama. Nitamwonyesha mti.

Jingine ni mpangilio wa wakati. Tumezoea kumpa namba mgonjwa kwa siku aliyogundulika, kisha namba ile inageuka kuwa hadithi: wa kwanza alimpa wa pili, wa pili alimpa wa tatu. Lakini siku ya kugundulika ni siku maabara ilipomwona tu. Mtu anaweza kuwa amebeba tangu Juni na akaonekana Agosti. Namba na nasaba ni vitu viwili, na mti wa Bethesda haukufuata namba.

Aprili

Mti peke yake haujui wodi. Unajua kwamba bakteria wa mgonjwa huyu na yule ni ndugu. Hausemi walikutana wapi, wala kama walikutana. Chapisho la 2012 lina mchoro unaoonyesha kila mgonjwa alilala wodi ipi na kwa kipindi gani, na nimeutumia kutengeneza jedwali langu. Mengine yanakaa sawasawa, kwa mfano wawili waliokuwa ICU kwa wakati mmoja. Mengine yanagoma: bakteria ni ndugu wa karibu, lakini wenyewe hawakuwahi kuwa wodi moja siku moja.

Kabla ya kuendelea na hayo yanayogoma, nilitaka kujua kama sisi tungeweza hata kulijaza jedwali hilo. Nikaenda wodini kwa muuguzi mkuu.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata sampuli au umefuata chai?"

"Nimefuata daftari la wagonjwa."

Akalitoa. Limeandikwa vizuri, mwandiko wa kuonea wivu: siku ya kulazwa, utambuzi wa ugonjwa, siku ya kuruhusiwa. Nikamuuliza safu ya namba za vitanda iko wapi. Akanitazama.

"Kitanda anacholazwa tunaandika. Akihama hatuandiki. Huyu anataka dirishani, yule mashine yake haifiki kwenye soketi, mwingine jirani yake anakoroma. Nikiandika yote hayo nitamhudumia nani?"

Akaniongoza kuzunguka wodi, na kwa muda mfupi nilijifunza zaidi ya nilichopata kwenye makala nyingi. Mashine ya kupima presha inazunguka kitanda hadi kitanda. Mgonjwa anakwenda kusafishwa damu, anakaa kiti kilichokaliwa na mwingine, anarudi. Na kuna ndugu. Bethesda hawakuwa na jambo hili kwa namna yetu: mama anayemuuguza mwanawe atamsaidia na mzee wa kitanda cha pili kwenda msalani, atamshikia kikombe, atamnyooshea shuka. Ni ubinadamu, na hakuna atakayeupiga marufuku. Lakini kwenye jedwali langu mkono ule hauna safu. Sista alipoona naandika alisema, "Basi uandike pia kwamba sabuni ikiwepo, ndugu wananawa kuliko madaktari." Nimeandika.

Nimetoka na imani moja iliyopanda juu ya nyingine zote: tukipewa fedha kidogo, ziende kwanza kwenye kumbukumbu za vitanda. Jenomu iliyohifadhiwa kwenye friza inaweza kusomwa hata mwaka kesho. Kitanda ambacho hakikuandikwa leo hakipatikani tena.

Mei, mwanzoni

Nimerudi kwenye yale yanayogoma. Nimeyaendesha kwa programu mbili, outbreaker2 na TransPhylo. Zote zinachanganya tofauti za jenomu na tarehe, na zote zinakubali kitu ambacho ni muhimu mno hapa: huenda kuna watu katikati ya mnyororo ambao hawakupimwa. Usipoziruhusu hivyo, zitalazimisha kila mgonjwa awe ameambukizwa na mmojawapo wa wale ulionao mezani, na zitakupa jibu lenye kujiamini lisilo na ukweli.

Kwa data hizi, sehemu kubwa ya pengo la wiki tatu inajazwa na wabebaji wa kimya. Wala si dhana ya kompyuta tu. Bethesda walipoanza kuchukua vipamba vya njia ya haja kubwa na kinena kwa wagonjwa wasio na dalili, kwanza ICU na baadaye hospitali nzima, walikutana na watu waliobeba bila yeyote kushuku. Bakteria alikuwa tumboni mwa watu ambao hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwapima.

Sehemu nyingine ni vifaa. Walikuta Klebsiella ya mlipuko kwenye mashine ya kupumulia iliyokwisha kusafishwa, na kwenye matundu ya kutolea maji ya masinki. Hapo wagonjwa wawili hawahitaji kukutana. Hatua walizochukua zinatisha kwa ukubwa: walijenga ukuta kuwatenga waliobeba wakiwa na wahudumu wao peke yao, wakafukiza vyumba kwa mvuke wa haidrojeni peroksaidi, wakang'oa mabomba, wakaweka watu wa kusimama na kuangalia nani hanawi mikono. Na bado iliwachukua miezi.

Niongeze neno langu: umma haukuambiwa mpaka chapisho lilipotoka Agosti 2012, na lawama zilikuwa nyingi. Naelewa hofu ya wakubwa wa hospitali. Lakini sisi ambao tungejifunza kutokana na kisa hicho tulikaa mwaka mzima bila kujua lolote.

Mei, mwishoni

Mwenzangu wa maabara ya TB ameniuliza swali zuri: mti unaonekanaje kama hakuna anayemwambukiza mwenzake, wote wanachota chanzo kimoja?

Mfano mzuri ni Mycobacterium abscessus. Ni jamaa wa mbali wa TB anayeishi kwenye maji, anayevumilia klorini, na anayejenga utando ndani ya mabomba. Katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, kati ya 2013 na 2015 waliugua wengi kuliko kawaida, hasa waliopandikizwa mapafu, baada ya jengo jipya kufunguliwa. Royal Papworth ya Uingereza ilihamia jengo jipya Cambridge mwaka 2019 na ikapatwa na jambo la aina hiyo. Chanzo kilikuwa maji. Duke waliwahamishia wagonjwa wa mapafu kwenye maji yaliyotakaswa kwa kila kitu, kunywa, kusafisha kinywa, kulishwa kwa mrija, na maambukizi yakashuka.

Mti wa namna hii hauna mnyororo. Matawi yanatoka katikati kuelekea pande zote, na katikati hakuna mgonjwa, kuna bomba. Wagonjwa walioachana kwa miezi mingi wanaweza kuwa na bakteria walio karibu kufanana kabisa, kwa sababu bakteria huyu hubadilika polepole sana. Anayesoma mti huo kwa macho ya Klebsiella atasema mgonjwa wa Januari alimwambukiza wa Oktoba. Kwa hiyo sampuli za maji na masinki zimeingia kwenye mpango wetu, si kwa kuiga, bali kwa sababu bila hizo katikati ya nyota patakuwa patupu na kila mtu atapajaza kwa anayemshuku.

Juni

Mkuu wa maabara ameuona mti, jedwali na makoloni mengi kwa kila mgonjwa. Aliguna, kama nilivyotarajia, kisha akauliza, "Kwetu itakuwaje?"

Kwetu haitakuwa ST258. Ukoo ule wenye jeni ya KPC, jeni inayowapa bakteria usugu kwa karbapenemu na iliyotambuliwa mara ya kwanza kwenye sampuli ya North Carolina ya 1996, ulijikita sana hospitali za New York na kwingineko. Huku kwetu kinachotusumbua zaidi ni CTX-M-15, jeni ya usugu kwa antibayotiki nyingi tunazozitegemea, na juu yake NDM, jeni nyingine ya usugu kwa karbapenemu, ambayo iliripotiwa Nairobi tangu 2011. Hapa kuna mfanano na Bethesda ambao hauhitaji kulazimishwa. Upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili Novemba 2017, lakini kabla ya hapo na hata sasa ndugu zetu wengi wamekuwa wakienda India kupandikizwa na kurudi kuendelea na kliniki nyumbani. Mgonjwa wa kwanza wa Bethesda alitoka New York. Wetu anaweza kushuka uwanja wa ndege na barua ya daktari mkononi, anajisikia vizuri, figo inafanya kazi. Kipamba kimoja siku ya kwanza ya kliniki kingetuambia mengi.

NDM inaleta ugumu ambao zoezi hili halikunipa. Jeni hiyo hukaa kwenye plasmidi, kipande cha jenomu kinachojitegemea na kinachoweza kuhama kutoka Klebsiella kwenda E. coli ndani ya utumbo mmoja. Mti wa Klebsiella hautaliona hilo hata ukiwa safi namna gani. NIH wenyewe walirudi 2014 na usomaji wa vipande virefu ili kufuata plasmidi, wakaona jeni ya KPC ikibebwa na bakteria wa spishi mbalimbali, nyingine zikiwa zimeingia hospitalini kwa njia zao. Tutahitaji vipande virefu. Nimeomba tuazimwe MinION ya chuo, kifaa kidogo kinachosoma vipande hivyo.

Njia nyingine ambayo bakteria anaweza kumfikia mgonjwa tumeiongeza dakika za mwisho: kiungo chenyewe. Bakteria anaweza kuja na figo kutoka kwa mchangiaji, au na majimaji kiungo kilimohifadhiwa. Ikiwa mchangiaji ni ndugu aliye hai, sampuli yake ni rahisi kuipata. Tumeamua ichukuliwe kabla ya upasuaji.

Juni, mwishoni: tulipofika

Sista amekubali kujaribu fomu ya vitanda baada ya kuikata nusu kwa kalamu nyekundu. Alichobakiza ni namba ya kitanda kila zamu, mashine aliyotumia mgonjwa, na tiki moja kama ndugu alilala wodini. Inajazwa na muuguzi wa zamu anapokabidhi, hivyo haimwongezei safari. Kurasa za kwanza zimeshafika kwangu, na mgonjwa mmoja amehama kitanda mara nyingi kuliko nilivyodhani inawezekana.

Vipamba viko kwenye bajeti ya robo ijayo. Nafasi ya friza imepatikana.

Kamati ya maadili imerudisha ombi na swali moja: mgonjwa akigundulika amebeba, nani atamwambia, na ataambiwa nini? Rasimu ya jibu langu inasema ataambiwa na daktari wake wa figo, ana kwa ana, pamoja na maelezo ya kunawa mikono na ya kwamba kubeba si kuugua. Na inasema kwamba jina la aliyempa halitatajwa kwake wala kwa ndugu zake, hata kama mti unalionyesha. Wajumbe wawili wanataka kipengele hicho kiwe wazi zaidi upande wa ndugu wachangiaji: kama bakteria alikuja na figo ya kaka yake, tutamwambia nini kaka? Tunakutana tena Jumatano.